Majani Niliyomnyima Dada Minza

Kiseke, Jumapili alasiri

Milembe mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Mwaloni kununua dagaa wa kumpelekea Mama Mkubwa wako, na mimi nimebaki hapa barazani na wivu wangu. Nimekusikia ukimwambia kwenye simu kwamba utachagua wale wakavu, wasio na mchanga, kama anavyowapenda. Ulikuwa unacheka. Mimi huniuliza kama nimemeza dawa, tena kwa sauti ya muuguzi.

Nakwambia hili mwanzoni ili usidhani barua hii imeandikwa na mwanamke aliyekwisha kupona. Nina miaka sabini na mbili. Moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari siku hizi akimaliza kunipima huenda kuzungumza na wewe mlangoni. Ugonjwa huo una jina na una dawa. Huu mwingine nimeishi nao muda mrefu zaidi, na hakuna aliyewahi kunipima.

Kesho asubuhi utapanda kivuko kwenda Sengerema kuanza kazi. Afisa lishe, kama mama yako. Nguo umepanga, vyeti umevitoa nakala, sina la kukuagiza juu ya hayo. Ningekuacha uende kwa salamu na maombi tu, kama jana mchana usingeingia stoo kutafuta begi ukatoka na lile jedwali.

Lilikuwa limekunjwa mara nne, vumbi tupu. Ulilifungua juu ya kitanda changu ukaanza kulisoma kwa sauti. Upande wa kushoto mboga kumi na moja: mchicha, mgagani, kisamvu, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, mlenda, chainizi, kabichi, bamia, na mwisho kabisa nsansa, yaani hayo majani ya kunde yakishakaushwa. Juu, vichwa vitano: vitamini A, vitamini C, madini ya chuma, kalisi, protini. Ndani ya kila chumba hakuna namba. Kuna majani madogo niliyochora kwa kalamu ya rangi, kuanzia moja mpaka matano, ili hata mama asiyejua kusoma aweze kulinganisha mboga na mboga. Mstari wa nsansa hauna jani hata moja.

Ukacheka. "Hapa mlikosea, mama. Nsansa sifuri? Lakini si kosa lako, enzi zenu hamkuwa na vipimo."

Kisha ukaniomba ukalitundike ofisini kwako, ukutani, mahali akina mama watakapoliona wakiingia. Ukasema utawaambia kwamba lilichorwa na mama yako kwa mkono wake. Mimi niliinamia karatasi, na wewe ukadhani nimezidiwa na furaha. Ulinishika bega.

Tulikuwa na vipimo, Milembe. Viko kwenye daftari langu la chuo, lile lenye jalada la bluu, na ukurasa wa mboga zilizokaushwa nimeukunja pembe. Nilijua nilichokuwa nafanya siku ile nilipoacha mstari ule mtupu. Siwezi kukuacha utundike uongo wangu ukutani kwako na kuwaonyesha watu kwa fahari. Ndiyo maana ninaandika, wewe ukiwa hujarudi na dagaa wako.

Nianze na kitu unachokijua nusu. Unajua kwamba dada yangu Minza aliishia darasa la nne na mimi nikaendelea. Mimi nilikuambia siku zote kwamba yeye hakupenda shule. Alipenda. Alikuwa anajua hesabu za kichwa kuliko mimi. Baba yetu alisema mmoja atasoma na mmoja atabaki shambani na mama, na Minza, aliyenizidi miaka minne, alisema, "Kabula asome, mimi naweza jembe." Kuanzia hapo alichuma majani ya kunde, akayachemsha kidogo, akayakausha, akaenda kuyauza gulioni. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye nsansa. Daftari, sabuni, viatu vyangu vya kwanza. Nilisoma kwa majani yale yale ambayo baadaye niliyapa sifuri.

Ungedhani mtu wa namna hiyo angependwa na mdogo wake. Nilimpenda. Lakini kumpenda mtu uliyekula jasho lake ni kazi ngumu, kwa sababu kila ukimwona unajiona mdogo. Nilipopata ualimu wa sayansi kimu nilianza kumsahihisha. Jinsi anavyoosha mboga, jinsi anavyofunika sufuria. Yeye alikuwa akiniitikia, "Sawa, mwalimu," na mimi sikuwahi kujua kama ananiheshimu au ananicheka. Nadhani yote mawili.

Nilikuzaa nikiwa na miaka arobaini na mitatu, watu wamekwisha kuacha kuniuliza. Dada Minza hakujaliwa mtoto. Ulipotimiza mwaka mmoja nilipata nafasi ya kwenda kusoma lishe, mwaka mzima na nusu, mbali. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa safarini na malori. Nikakuvusha maji hadi Sengerema nikakuweka mikononi mwa dada. Nilimwachia karatasi mbili za maelekezo ya chakula, nimeziandika kwa herufi kubwa. Alizikunja akazitia kwenye kibweta chake cha nguo, bila kuzisoma, akasema, "Nenda kasome, mdogo wangu."

Nilirudi na cheti. Ulikuwa umekaa juu ya mkeka, mbele ya bakuli la nsansa za karanga, mdomo umejaa. Nilipiga magoti nikakuita. Ulinitazama, ukamgeukia dada, ukamwita *mayu*. Mama, kwa Kisukuma chetu. Dada aliona haya, akasema haraka, "Si mimi, mayu wako ni huyu." Wewe ukashikilia kanga yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia padri. Wiki ile ile nilikuchukua kliniki kukupima. Nilikuning'iniza kwenye mizani, ile ya kukuvalisha kama kaptula, nikasubiri mshale utulie. Nilikuwa naomba uwe umepungua. Kidogo tu, Milembe, kiasi cha kunipa sababu ya kusema kwamba mwanangu alimhitaji mama aliyesoma. Muuguzi akatia nukta kwenye kadi, akaunganisha mstari. Ulikuwa unapanda, katikati ya rangi ya kijani, umenyooka kabisa. Muuguzi akasema, "Mama, hongera, unamlisha vizuri." Nikaitikia, "Asante."

Hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyomwibia dada yangu. Ilikuwa rahisi sana. Ukitaka ushauri mmoja kutoka kwangu juu ya wivu, ni huu: jichunge pale unapopokea hongera isiyo yako na hakuna anayeona.

Tulihamia Kirumba, nikapangiwa kazi ya kufundisha akina mama lishe, kila Jumanne na Alhamisi, uani kwa kliniki. Miaka miwili baadaye dada naye akaja mjini. Alisema shamba limemchosha, lakini alikuja kwa ajili yako, na tulijua sote. Akapanga chumba karibu na kwetu, akafungua genge la mboga ng'ambo ya barabara kutoka kliniki. Mgagani asubuhi, matembele, mchicha, na kiangazi kikifika, nsansa kwenye ungo mkubwa.

Mimi nilikuwa nafundisha kwa chaki na ubao. Akina mama wanaojua kuandika waliandika, wengine wakasinzia. Somo likiisha walivuka barabara wote kwa pamoja kwenda kwa dada, na hapo ndipo walipouliza maswali. Mtoto hataki mboga nifanyeje. Nikiwa na mimba mgagani haudhuru? Dada aliwajibu huku akifunga mafungu. Aliwaambia mgagani ukiwa mchungu utie maziwa mgando, watakula. Aliwaambia nsansa bila karanga ni kazi bure, na ukila ukamulie ndimu. Hakujua kwamba vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uipokee, na karanga ndiyo mafuta yenyewe. Hakujua kwamba vitamini C ya ndimu ndiyo inayofungulia mlango madini ya chuma. Mimi nilihitaji chuo kujua. Yeye alijua kwa ulimi na kwa kutazama watoto wa watu wanavyokua.

Siku moja nilimsikia mama mmoja, mcheshi, mchuuzi wa samaki, akiwaambia wenzake, "Mwalimu anatufundisha, dada yake anatulisha." Wakacheka, na dada naye akacheka. Alikuwa amekupakata. Nilisimama kwenye kivuli cha lango la kliniki na vitabu vyangu mkononi, na kitu fulani kikanikaza hapa kifuani, mahali hapa hapa ambapo daktari huweka kipimo chake sasa.

Jedwali nililichora Jumapili iliyofuata. Nilikuwa mwaminifu kwa mboga tisa. Mgagani niliupa majani yake yote, ingawa dada aliuuza, kwa sababu mganga mkuu wetu alikuwa mpenzi wa mgagani na angeuliza. Mchicha, haki yake. Kisamvu, protini majani manne, na chini nikaandika kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu itoke. Kabichi, ambayo ndiyo niliyoipika nyumbani kwangu kila siku kwa sababu haina kazi, niliipendelea. Kwa vitamini C inastahili majani yake, sawa. Lakini niliipa majani matatu ya vitamini A na matatu ya chuma, na wewe kwa elimu yako unajua kabichi ile nyeupe haina mambo hayo.

Nilipofika kwenye nsansa nilishika kalamu muda mrefu. Halafu pembeni nikaandika: "Hukaushwa juani, virutubisho huharibika." Nikaacha vyumba vyote vitano vitupu.

Ona ujanja wa maneno hayo. Ni kweli kwamba jua kali linaharibu vitamini A, na vitamini C hupotea karibu yote. Mtu angenipinga ningefungua kitabu. Lakini chuma hakikimbii jua, wala kalisi, wala protini. Na dada Minza hakukausha juani. Alikausha ndani, kivulini, juu ya mkeka, dirisha wazi, akigeuza asubuhi na jioni kama alivyofundishwa na mama yetu. Nilikuwa nimelala katika chumba hicho utoto wangu wote, na harufu yake iko puani mwangu hadi leo. Ukitaka kudanganya watu waliosoma, huhitaji kusema uongo mzima, Milembe. Nusu ya ukweli inatosha, ukiiweka mahali pake. Utafanya kazi na majedwali maisha yako yote. Kila ukimaliza kulichora moja, jiulize ulikuwa unamfikiria nani.

Nililitundika Jumanne. Nikawaonyesha kwa fimbo, mstari kwa mstari, na nilipofika chini nikasema, "Na hizi, ninyi wenyewe mnaona." Wakaona. Wengine walicheka kwa aibu, kama watu waliokamatwa wakila udongo.

Ungo wa dada ulianza kubaki umejaa. Hakuniuliza chochote. Aliniamkia vilevile, aliniwekea fungu langu la matembele. Kiangazi kile mvua zilichelewa, mboga mbichi zikawa adimu, na mama mmoja mjamzito alinifuata baada ya somo. Ndani ya kope zake kulikuwa kweupe, damu imepungua. Akasema, "Mwalimu, kabichi imepanda, na nsansa umesema ni makapi. Sasa nile nini?" Nikamwambia ale matembele. Matembele yalikuwa yamekauka bustanini mji mzima, na nilijua. Aliondoka akinishukuru. Sikumwona tena, na si lazima lililomkuta liwe baya. Ila sijui, na sitajua, wala sijui walikuwa wangapi wa namna yake.

Wewe ulikuwa na miaka sita. Nilizifuta nsansa mezani kwangu, na wewe kabichi ulikuwa huitaki. Ulikuwa ukila ugali na mchuzi, ukiteremshia chai ya rangi, na mimi nilikuwa na shughuli za kufundisha akina mama wasiwape watoto chai pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma. Ukawa mtu wa kulala lala. Mwalimu wako akaniita. Dada aliponiona jioni alisema polepole, akiwa anafunga genge, "Kabula, mtoto kope zake nyeupe. Mtazame." Nikamjibu kwamba mtaalamu ni mimi. Usiku ule nilivuta kope yako ya chini kwa kidole, ukiwa usingizini, nikaona alichokiona yeye. Kesho yake nikakupima damu kwa siri, siku ambayo wenzangu hawapo. Ilikuwa chini.

Nikaanza kukupa dawa ya maji ya kuongeza damu. Uliitapika. Nikakununulia maini, ukayaficha chini ya ugali. Lakini baada ya muda ukaanza kuchangamka, ukakimbia, ukagombana na watoto wa jirani. Nikakupima tena, damu imepanda. Nilifurahi mno, na Alhamisi nikakupeleka mbele ya darasa nikakusimamisha juu ya kiti. Nikawaambia akina mama huyu hapa, kabichi na maini, fuateni jedwali. Walikupigia makofi. Wewe uliinama ukatazama viatu vyako. Unakumbuka? Nilidhani ni haya ya kitoto. Ulikuwa unajua ulichokuwa unakula, na hukutaka kuniumbua.

Wiki ile nilitoka kazini mapema. Nikakukuta umekaa nyuma ya genge, kwenye kigoda, na bakuli lako la bati lenye ua jekundu. Nsansa, karanga, nusu ya ndimu pembeni. Kila siku ukitoka shule ulipitia hapo. Miezi. Na mlikuwa mnaongea, wewe uliyekuwa husemi kitu nyumbani, ulikuwa unamsimulia kisa kirefu cha mbwa wa shule, na dada alikuwa anakusikiliza kana kwamba hakuna mteja duniani.

Ningeweza kukaa nikaomba bakuli. Nimeifikiria sana alasiri ile, jinsi ambavyo ningevuta ndoo nikaikalia nikasema, "Na mimi nina njaa." Kigoda kingine kilikuwepo. Dada angenipakulia bila neno.

Nilikunyang'anya bakuli nikalimwaga. Nikamwambia dada yangu, mbele ya watu, "Unamlisha mwanangu majani makavu kama mbuzi."

Akanitazama. Hakupandisha sauti. "Mbuzi hawapungukiwi damu, mwalimu."

Watu wakacheka, yule mchuuzi wa samaki kuliko wote. Hapo ndipo nilipomwambia neno ambalo ndilo kiini cha barua hii, na ambalo wewe hukulisikia kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukusukuma uende nyumbani. Nilimkaribia nikamwambia kwa sauti ya chini, "Wa kwako hukupewa. Huyu ni wangu. Rudi kwenu."

Alifunga genge kwa utaratibu kama siku zote. Aliosha ungo. Siku ya tatu alivuka kurudi Sengerema.

Nilikuambia kwamba Mama Mkubwa amechoka na mji. Ulikwenda ukakaa kwenye kigoda nyuma ya genge tupu siku nne mfululizo, hadi mwenye eneo akakitoa. Nilikuona kutoka dirisha la kliniki. Sikuja kukuchukua.

Baadaye alikusamehe wewe usiye na kosa, na mimi akaninyamazia kwa upole. Likizo zako nilikuruhusu uende kwake kwa sababu baba yako alisimama kidete, alisema kama huendi basi na yeye hataingia nyumbani. Ukirudi ulikuwa na mashavu, na hadithi ambazo hukunisimulia. Kila kiangazi dada alinitumia kifuko cha nsansa, kimefungwa kwa kipande cha kanga. Kila kiangazi nilikichukua, ukishalala, nikampelekea jirani yetu Mama Kishori, Mhindi ambaye kwao hawali nyama. Yeye alikuwa akizipika kwa viungo vyao na kunirudishia sahani, na mimi nilisema nimeshiba. Mwaka mmoja aliniambia, "Huyu dada yako anakausha kivulini. Ukiziloweka zinarudi na rangi yake." Mama Kishori, ambaye hakukaa hata siku moja katika darasa langu, alisoma kwenye jani lenyewe nilichokataa kukiandika.

Kisha ukachagua kusomea lishe. Watu walisema umefuata nyayo zangu, nikapokea na hongera hiyo. Lakini nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba ulitaka kujua kwa nini chakula cha Mama Mkubwa kilikuponya. Basi hata kazi yako umeipata kwake. Mimi nilikupa jedwali.

Na sasa umekataa kupanga chumba. Utakaa kwake. Umeniambia kwa uangalifu, ukinitazama usoni kama wanavyotazamwa wagonjwa, kwamba ni karibu na kazini. Nimesema vizuri. Moyoni nilisema ameshinda. Nitakufa hapa Kiseke nikihudumiwa na binti wa kulipwa, na yeye, mwenye miaka sabini na sita, anayelima bado, ndiye atakayekufungulia mlango kila jioni na kukusimulia na kukupakulia. Halafu nitakapokuwa sipo atabaki na wewe peke yake, bila mpinzani. Unaona nilivyo? Hata kaburi nalihesabu upande wake.

Ila kuna jambo moja limetokea mwezi huu, nalo nakuachia ulifikirie kwenye kivuko. Tangu hamu ya chakula iniishie, umejaribu uji, umejaribu supu ya sato, ndizi, kila kitu, nikala vijiko viwili. Wiki iliyopita ulipika kitu kwenye sufuria ndogo ukaniletea ukasema ni mboga za sokoni. Nilijua kwa harufu kabla hujafungua mlango. Nilikula bakuli zima. Ulikamulia ndimu bila kuambiwa. Wewe ulidhani umenidanganya, na mimi nilikuacha udhani, kwa sababu ningesema neno moja ningelia mbele yako.

Kwa hiyo leo, ulipotoka tu, nimelitandaza jedwali mezani. Nimekwangua majani ya kabichi kwa wembe, vitamini A na chuma, nikaacha moja moja. Karatasi imetoboka kidogo pale kwenye chuma, utanisamehe. Kisha nimekuja kwenye mstari wa mwisho. Maneno yale ya pembeni nimeyakata, nikaandika: "Zikaushwe kivulini." Nimechora kwa haki, sikumpendelea. Vitamini C nimeacha chumba kitupu, kwa sababu ndivyo ilivyo, ila nimechora ndimu ndogo. Vitamini A majani matatu. Kalisi manne. Protini manne. Chuma manne. Nilitaka kuweka matano, nikakumbuka ulichonifundisha, kwamba mboga kavu ukiilinganisha na mbichi kwa uzito inashinda isivyo haki kwa kuwa maji yameondoka, na lazima tulinganishe kilichomo kwenye sahani. Basi manne. Mkono umetetemeka, mengine yanafanana na mende. Lakini yanahesabika.

Ukilitaka bado, lichukue. Lipitie kwa vipimo vyako vya sasa, nilipokosea rekebisha. Ukiona haya kulitundika, nitaelewa. Barua hii isome mara moja, ukiwa upande wa pili wa maji, na kama utanikasirikia, nikasirikie huko huko kwanza. Nina muda mchache wa kukasirikiwa na mtu aliye mbali, na sina kabisa wa kukasirikiwa na mtu aliye chumba kimoja na mimi.

Usimsomee dada barua yenyewe. Neno nililomwambia analijua, halina haja ya kurudiwa nyumbani kwake. Mwonyeshe jedwali tu. Kusoma kumemtoka, macho nayo hayamsaidii sana, lakini mweke karibu na dirisha, umshike kidole umpeleke mpaka mstari wa mwisho. Majani atayahesabu. Alikuwa anajua hesabu kuliko mimi.

Na ukitaka kumwita *mayu*, mwite. Nilikukataza ukiwa na miaka miwili na nusu, kwa kofi, na hukurudia tena mbele yangu. Nakuondolea katazo hilo leo.

Lakini ukinipigia simu usinisimulie alivyofurahi. Niambie tu umefika, na kwamba dagaa hawakulowa. Mengine sijaweza bado.

Nasikia geti. Umerudi.

Mimi, niliyekuzaa,

Mama